Dirisha la Serikali na Mimbari ya Kanisa

Mwezi Agosti 1735, kule Rasi ya Tumaini Jema, katika Afrika Kusini ya leo, wafungwa wawili wa Kisiwa cha Robben walitoswa baharini wakafa maji kwa amri ya mahakama. Mmoja, Rijkhaart Jacobsz, alikuwa baharia Mholanzi. Mwenzake, Claas Blank, alikuwa Mkhoi, mwenyeji wa nchi ile. Walipatikana na hatia ya ulawiti. Sheria iliyowaua ilikuwa ya Kirumi na Kiholanzi, iliyoletwa na Kampuni ya Uholanzi ya Mashariki ya India, na katika jambo hili ilikuwa imechota kutoka Agano la Kale bila kujificha.

Kampuni hiyohiyo ilikuwa imeupiga marufuku Uislamu usionekane hadharani. Mtumwa aliyeletwa Rasi kutoka visiwa vya Indonesia aliweza kuswali kwa siri, lakini kujenga msikiti lilikuwa kosa. Mwaka 1780 Kampuni ilimfunga Kisiwa cha Robben mwanazuoni kutoka Tidore, Imamu Abdullah Kadi Abdus Salaam, ambaye watu wa Cape Town wanamwita Tuan Guru. Inasimuliwa kwamba akiwa kifungoni aliiandika Kurani nzima kwa kumbukumbu. Alipoachiwa alifungua madrasa, kisha Msikiti wa Auwal katika mtaa wa Bo-Kaap, mwaka 1794. Ruhusa rasmi ya Waislamu kuabudu waziwazi ilikuja miaka kumi baadaye, 1804.

Nazitaja habari hizi mbili pamoja kwa makusudi. Siku hizi tunapozungumzia haki za watu wanaopenda watu wa jinsia yao na uhuru wa kuabudu, tunazungumza kana kwamba ni timu mbili zilizokuja uwanjani kutoka pande tofauti za dunia. Afrika Kusini inatufundisha vingine. Huko, serikali moja iliwazamisha wapenzi na ikawafunga maimamu, na ilipofika zamu ya kuandika katiba mpya, makundi yote mawili yalikuwa na kumbukumbu ya kisiwa kimoja.

Waingereza walipoitwaa Rasi waliiacha sheria ya Kiholanzi ibaki. Kwetu Kenya na Tanganyika walileta kanuni za adhabu za mwaka 1930, zenye ukoo na kanuni waliyoiandikia India mwaka 1860. Njia zilikuwa mbili lakini kosa lilikuwa lilelile, na hakuna bunge la Waafrika lililoulizwa kokote.

Utawala wa ubaguzi wa rangi ulikaza zaidi. Januari 1966 polisi walivamia sherehe katika nyumba moja ya Forest Town, Johannesburg, wakakuta wanaume wengi wakicheza muziki wawili wawili. Bunge likaunda kamati, na mwaka 1969 ikapita sheria iliyomkataza mwanamume kufanya na mwenzake tendo lolote la kuamsha ashiki katika “sherehe”. Sherehe ilielezwa kuwa ni mahali popote penye watu zaidi ya wawili. Sheria hiyo iliingizwa ndani ya Sheria ya Uasherati, ileile iliyomfunga Mzungu aliyelala na mtu mweusi. Kanisa kubwa la Kiholanzi la Matengenezo, ambalo wenyewe wanaliita NG Kerk, liliunga mkono ubaguzi wa rangi kwa Biblia mkononi. Serikali ikatunga sheria kuhusu nani alale na nani, na wanateolojia wakaitafutia aya.

Mtu aliyeziunganisha dhuluma hizi kwa mwili wake mwenyewe alikuwa Simon Nkoli. Alizaliwa Soweto mwaka 1957. Akawa kiongozi katika chama cha wanafunzi wa shule, COSAS, na wenzake walipojua kwamba anapenda wanaume walijadili kama abaki katika uongozi, wakaamua abaki. Mwaka 1984, miji ya Vaal ilipolipuka kwa maandamano ya kupinga kodi ya nyumba, alikamatwa. Akafikishwa katika kesi ya uhaini iliyoanzia mji mdogo wa Delmas, akiwa mmoja wa washtakiwa 22, pamoja na Mosiuoa Lekota na Popo Molefe. Adhabu ya uhaini ilikuwa kifo.

Ndani ya gereza siri yake ilitoka, na baadhi ya washtakiwa wenzake walitaka atengwe na kesi yao. Walihofia serikali ingemtumia kuwachafua wote. Mjadala ulikuwa mrefu na mchungu. Nkoli hakuomba msamaha. Aliwaambia, kwa maana, kwamba hawezi kupigania uhuru wake nusu, akiacha nusu nyingine nje ya mlango. Mwishowe walikaa kizimbani pamoja, naye akaachiwa huru mwaka 1988. Lekota alikuja kusimulia miaka mingi baadaye kwamba wenzake wa Nkoli walipokaa kuandika katiba hawakuwa na uso wa kusema kwamba mtu aliyehatarisha shingo yake pamoja nao asilindwe na katiba hiyo.

Oktoba 1990 Nkoli na Beverley Ditsie waliongoza maandamano ya kwanza ya aina yake Johannesburg. Walifika watu mia kadhaa. Baadhi yao walitembea wamevaa mifuko ya karatasi kichwani, yenye matundu ya macho tu, wasije wakatambuliwa na jirani, mwajiri au mchungaji.

Katiba ya muda ya mwaka 1993 ilikuwa ya kwanza duniani kukataza kwa maneno ya wazi ubaguzi kwa sababu ya mwelekeo wa kimapenzi. Ilipofika zamu ya katiba ya kudumu, kipengele hicho kilipingwa na chama cha African Christian Democratic Party, kilichoona kwamba nchi ya Wakristo inavunja amri ya Mungu. Askofu Mkuu Desmond Tutu aliliandikia Bunge la Katiba mwaka 1995 akiomba kipengele kibaki. Tarehe 8 Mei 1996 katiba ilipita kwa kura 421 dhidi ya 2. Kura hizo mbili zilikuwa za chama hicho.

Anayekisoma kifungu cha 9 ataona jambo ambalo wabishi wa pande zote hulipita haraka. Orodha ya mambo ambayo mtu asibaguliwe kwayo ina rangi, jinsia, ujauzito, umri, ulemavu. Ndani ya sentensi hiyohiyo kuna mwelekeo wa kimapenzi, kisha dini, dhamiri na imani. Kifungu cha 15 kinarudia tena uhuru wa dini. Waandishi hawakuiweka haki moja juu ya nyingine. Waliziacha zikae pamoja, na kazi ya kuamua zinapogongana wakawaachia majaji.

Mgongano wa kwanza ulikuwa mwepesi. Tarehe 9 Oktoba 1998 Mahakama ya Katiba ilifuta kosa la ulawiti, lile lililowaua Jacobsz na Blank, pamoja na kile kifungu cha sherehe cha mwaka 1969. Wiki saba baadaye, tarehe 30 Novemba, Simon Nkoli alifariki kwa UKIMWI.

Ndoa ilikuwa mzigo mwingine kabisa. Marié Fourie na Cecelia Bonthuys, wanawake wawili wa Pretoria waliokuwa wakiishi pamoja kwa miaka, walitaka kufunga ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1961 ilimwagiza afisa wa ndoa amuulize kila mmoja kama anamchukua mwenzake kuwa mke wake wa halali, au mume. Maneno hayo mawili ndiyo yaliyowazuia. Mahakama Kuu ya Pretoria iliwakatalia mwaka 2002. Mahakama ya Rufaa ikawapa ushindi wa nusu mwaka 2004. Serikali ikakata rufaa, na kesi ikapanda hadi Mahakama ya Katiba pale Constitution Hill, jengo lililojengwa juu ya magofu ya gereza ambamo Gandhi na Mandela waliwahi kufungwa.

Viongozi wa dini walikuja kwa wingi. Muungano wa kutetea ndoa ulileta hati ya kiapo ya Kardinali Wilfrid Napier, kiongozi wa Wakatoliki. Hoja yake ilistahili kusikilizwa kwa heshima: ndoa ni taasisi iliyotangulia dola, imebebwa na dini kwa karne nyingi, na dola haina mamlaka ya kuigeuza umbo. Kuna waumini wengi, weusi kwa weupe, waliopigana na ubaguzi wa rangi bega kwa bega na akina Nkoli, na ambao hoja hiyo waliiamini kwa dhati. Kuwaita wote watu wa chuki ni kuwakosea.

Lakini mahakamani alikuwepo pia mtu mwingine aliyeruhusiwa kutoa hoja bila kuwa mdai wala mdaiwa, wakili Mwingereza aliyeitwa John Smyth, aliyekuja kutetea maadili ya familia ya Kikristo. Mtu huyo aliondoka Uingereza mwaka 1984 akiacha nyuma yake vijana wa makambi ya Kikristo aliowacharaza viboko kikatili kwa kisingizio cha kuwatakasa. Akaenda Zimbabwe, kisha Afrika Kusini, na viongozi wa kanisa waliojua walinyamaza. Alikufa Cape Town mwaka 2018 bila kufikishwa mahakamani. Ripoti ya uchunguzi ya Novemba 2024 ilipotoka, Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, alilazimika kujiuzulu. Sisemi kwamba Smyth anazifuta hoja za Kardinali Napier, maana hoja hupimwa kwa uzito wake. Nasema kwamba mlinzi wa maadili anayesimama mbele ya mahakama naye ana maadili ya kukaguliwa, na kanisa lililomficha mtu wa namna ile lilipaswa kuwa na sauti ya chini lilipohukumu mapenzi ya wanawake wawili wa Pretoria.

Hukumu iliandikwa na Jaji Albie Sachs. Huyu ndiye aliyepoteza mkono wa kulia na uwezo wa kuona wa jicho moja Maputo mwaka 1988, bomu la makachero wa makaburu lilipolipuka garini mwake. Hakuwa adui wa dini. Miaka michache kabla, katika kesi ya Mrasta aliyenyimwa uwakili kwa sababu ya kuvuta bangi katika ibada, wenzake wengi walipomkatalia Mrasta huyo, Sachs alikuwa upande wa wachache waliotaka sheria impishe. Aliandika wakati ule kwamba imani isiyopendwa na wengi ndiyo inayohitaji ulinzi zaidi, kwa maana hiyo au karibu yake.

Tarehe 1 Desemba 2005 alisoma uamuzi. Alisema kwamba katika jamii ya kidemokrasia lililo takatifu na la kidunia lazima viishi pamoja, na mahakama haiwezi kutumia mafundisho ya dini moja kuwanyima wengine haki za katiba. Papo hapo akawatuliza wenye hofu. Alionyesha kwamba kifungu cha 31 cha Sheria ya Ndoa kilikuwa tayari kinamruhusu kasisi, imamu au rabi kukataa kufungisha ndoa isiyolingana na taratibu za dini yake, na hakuna kitu katika hukumu kilichoondoa ruhusa hiyo. Bunge likapewa miezi kumi na miwili kurekebisha sheria. Jaji Kate O'Regan peke yake ndiye aliyeona kwamba kusubiri hakuna sababu, na kwamba wanawake wale walistahili kufunga ndoa yao siku ileile.

Mwaka 2006 kamati ya Bunge ilizunguka mikoani kusikiliza wananchi, na kumbi zikajaa. Wengi waliosimama walikuwa wapingaji, na baadhi ya watu waliokuja kutetea muswada walizomewa hadi wakakaa. Septemba mwaka huo Jacob Zuma, wakati ule naibu rais wa chama cha ANC, alisema ndoa za namna hiyo ni aibu kwa taifa na kwa Mungu, kisha akaomba radhi. Uongozi wa ANC ukawaamuru wabunge wake wapige kura ya ndiyo. Tarehe 14 Novemba muswada ulipita kwa kura 229 dhidi ya 41, na tarehe 30 Novemba 2006, miaka minane kamili baada ya kifo cha Nkoli, Sheria ya Muungano wa Kiraia ikaanza kazi. Siku iliyofuata ndoa ya kwanza ikafungwa mjini George. Afrika Kusini ikawa nchi ya tano duniani, na ya kwanza barani.

Hapa ndipo penye fundo la historia yote. Ili sheria ipite, watunzi wake waliweka milango miwili ya kutokea. Mlango wa kwanza, kifungu cha 5, ulikuwa wa taasisi za dini: hakuna kanisa wala msikiti utakaofungisha ndoa hizi mpaka wenyewe waombe kwa maandishi. Mlango wa pili, kifungu cha 6, ulikuwa wa maafisa wa serikali. Afisa wa ndoa katika ofisi ya Mambo ya Ndani, mwenye mshahara wa serikali, aliweza kumwandikia waziri barua kwamba dhamiri yake inamkataza kufungisha ndoa ya watu wa jinsia moja. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kumlazimisha.

Kwa mtazamo wangu kifungu cha 5 kilikuwa haki tupu, na kifungu cha 6 kilikuwa kosa. Naeleza kwa nini.

Mchungaji anapokataa, anakataa kwa jina la kanisa lake, na wapenzi wanaweza kwenda kwingine. Afisa anapokataa, ni dola inayokataa. Halafu kifungu kile kiliruhusu dhamiri moja tu. Afisa Mkatoliki anayeamini kwamba aliyeachika hawezi kuoa tena hakupewa ruhusa ya kumkatalia mtalikiwa. Afisa Mwislamu hakupewa ruhusa ya kuikataa ndoa ya Mwislamu wa kike na mwanamume asiye Mwislamu. Wote hao walitakiwa kumeza dhamiri zao na kufanya kazi. Sheria iliiheshimu dhamiri pale tu ilipowalenga mashoga na wasagaji, na dhamiri inayoheshimiwa kwa kuchagua mlengwa ina jina lingine katika katiba ileile: ubaguzi.

Upande wa pili walikuwa na jibu, na halikuwa jibu la ovyo. Walisema afisa mmoja akikataa, mwenzake wa meza ya pili atawahudumia. Wapenzi watapata ndoa yao, na afisa atabaki na imani yake. Katika ofisi kubwa za Johannesburg au Cape Town, ingewezekana. Lakini sheria haikuilazimisha kila ofisi kuwa na angalau afisa mmoja aliye tayari, na nchi ile ina miji midogo mingi yenye ofisi moja na maafisa wawili. Watu walifika dirishani wakaambiwa warudi wiki ijayo, au wajaribu mji mwingine, au kwamba anayeshughulikia mambo hayo hayupo. Waziri alipoulizwa bungeni, ilibainika kwamba zaidi ya theluthi moja ya maafisa wa ndoa wa wizara walikuwa wamejiondoa. Fikiria umepanda daladala alfajiri na vitambulisho, mashahidi na nguo za arusi mfukoni, ukajibiwa mbele ya foleni nzima kwamba serikali yako haikuhudumii leo.

Aliyelibeba suala hili ni mbunge mmoja wa upinzani, Deidre Carter wa chama cha COPE, chama ambacho Lekota alikuwa miongoni mwa waasisi wake. Alipeleka muswada binafsi, na katika mabunge yetu tunajua jinsi miswada ya namna hiyo hufa kabatini. Wake haukufa. Baraza la Taifa liliupitisha Desemba 2018, baraza la mikoa Julai 2020, na Rais Cyril Ramaphosa akautia saini Oktoba 2020. Kifungu cha 6 kikafutwa, waliokuwa na ruhusa wakapewa miezi 24 ya mpito, na waziri akatakiwa kuhakikisha kwamba kila ofisi ina mtu wa kufungisha. Kifungu cha 5 hakikuguswa.

Huko ndiko serikali ilikofika, na nadhani ilifika mahali sahihi. Lakini mgogoro haukwisha, kwa sababu sehemu yake kubwa haikuwahi kuwa baina ya waumini na wasioamini. Ulikuwa ndani ya nyumba za ibada zenyewe.

Desemba 2009 mchungaji wa Kimethodisti, Ecclesia de Lange, aliwatangazia waumini wake kwamba anafunga ndoa na mwanamke mwenzake. Kanisa lake lilikuwa likiwapokea waumini wa namna hiyo bila kuwafukuza, na lilikiri kwamba halijafikia mwafaka juu ya jambo hilo. Lakini mchungaji aliyefunga ndoa hiyo halikumtaka, na mwanzoni mwa 2010 likamwondoa kazini. Alikwenda mahakamani, akapoteza, akakata rufaa, akapoteza tena. Novemba 2015 Mahakama ya Katiba, ileile ya akina Fourie, ikamkatalia. Naibu Jaji Mkuu Dikgang Moseneke aliandika kwamba dai la ubaguzi halikuletwa kwa njia inayotakiwa, na kwamba mahakama lazima zisite kuingia katika mabishano ya mafundisho ya dini. Mwanamke huyo alikuwa na haki ya kuolewa mbele ya serikali na hakuwa na njia ya kulilazimisha kanisa limrudishe madhabahuni. Inauma kuisoma. Hata hivyo naamini Moseneke alikuwa sahihi, kwa sababu jaji anayeweza kumteulia Mmethodisti mchungaji leo, kesho ataweza kumteulia Mwislamu imamu.

Lakini si kila kazi ya kanisa ni ya madhabahuni. Mwaka 2008 Mahakama ya Usawa ya Pretoria ilisikiliza kesi ya mwalimu wa muziki aliyeachishwa kazi na usharika wa NG Kerk wa Moreletapark ilipojulikana kwamba ana uhusiano wa kimapenzi na mwanamume. Alikuwa akifundisha muziki tu. Hakuhubiri, hakufundisha katekisimu. Jaji Dion Basson aliamuru kanisa lilipe fidia na liombe radhi. Mstari ukawa umechorwa: uhuru wa kanisa unakuwa na nguvu kubwa karibu na mimbari, na unapungua kadiri unavyosogea kwenye ajira za kawaida.

NG Kerk lenyewe lilipitia dhoruba kubwa zaidi. Hili ndilo kanisa ambalo mwanateolojia wake, Willie Jonker, alisimama Rustenburg Novemba 1990 mbele ya makanisa mengine akaungama dhambi ya ubaguzi wa rangi, na Tutu akalipokea ungamo hilo. Oktoba 2015 Sinodi Kuu iliamua kwamba wachungaji wake wanaweza kubariki miungano ya jinsia moja, na mchungaji mwenye mwelekeo huo halazimiki kuishi bila mwenzi. Rufaa zikamiminika. Novemba 2016 sinodi maalumu ikaufuta uamuzi. Mchungaji Laurie Gaum na baba yake, Frits Gaum, ambaye naye ni mwanateolojia wa kanisa hilo, pamoja na wenzao wengine wakalishtaki kanisa lao. Tarehe 8 Machi 2019 majaji watatu wa Mahakama Kuu ya Pretoria walibatilisha uamuzi wa 2016, kwa sababu ulikiuka taratibu za kanisa lenyewe na kwa sababu ulikuwa wa kibaguzi. Kanisa halikukata rufaa.

Nawaheshimu baba na mwana hao, na naelewa waliumia kiasi gani. Lakini hukumu hii inanitia wasiwasi ambao ile ya Fourie hainitii. Kama majaji wangeishia kwenye taratibu, yaani kusema kanisa lilivunja kanuni zake, ningetulia, maana hata chama cha ushirika hushtakiwa kwa kuvunja katiba yake. Walipokwenda mbele wakapima msimamo wa sinodi juu ya ndoa kwa mizani ya usawa, walisogeza mguu ndani ya patakatifu. Mahakama ya Katiba haikupata nafasi ya kulitazama jambo hilo, na mpaka itakapolitazama, mpaka baina ya hukumu ya de Lange na ya Gaum utabaki na ukungu.

Waanglikana walikwenda polepole zaidi. Mwaka 2013 Tutu alisema hadharani kwamba hatamwabudu Mungu anayewachukia mashoga. Binti yake, Mpho, kasisi wa Kianglikana, alifunga ndoa na mwanamke Mholanzi mwishoni mwa 2015. Mwaka uliofuata ilimbidi arudishe leseni yake ya ukasisi. Baba aliyeheshimiwa na dunia nzima hakuweza kumnusuru, na hakujaribu kutumia serikali kumnusuru. Alibaki ndani ya kanisa hilo hadi alipofariki Desemba 2021.

Kwa upande wa Waislamu wa Cape Town, Muhsin Hendricks, aliyezaliwa 1967 na kusomea elimu ya dini Karachi, alijitangaza mwaka 1996 kuwa anapenda wanaume. Hakuuacha Uislamu. Alianzisha darasa na vikundi vya Waislamu waliokuwa wamefukuzwa nyumbani, baadaye msikiti mdogo Wynberg, na aliwafungia nikaha wapenzi wa jinsia moja. Baraza la Mahakimu wa Kiislamu, MJC, lilimkataa waziwazi, na mwaka 2022 lilitoa fatwa kwamba mahusiano hayo ni haramu. Baraza lilikuwa na haki hiyo. Kutoa fatwa ni ibada na ni elimu, na katiba inailinda.

Mwaka huohuo, Juni 2022, Mahakama ya Katiba iliamuru serikali itambue ndoa za Kiislamu, ambazo kwa karne tatu zilikuwa hazina hadhi mbele ya sheria za nchi. Wajane na watalikiwa wa Kiislamu walikuwa wakitoka mikono mitupu kwa sababu ndoa zao zilihesabiwa kuwa si ndoa. Kituo cha kisheria cha wanawake kilichoishinda kesi hiyo kiliegemea usawa na utu, nguzo zilezile zilizobeba hukumu ya Fourie.

Tarehe 15 Februari 2025, katika kitongoji cha Bethelsdorp, Gqeberha, watu waliofunika nyuso waliziba njia ya gari alimokuwa Imamu Hendricks, wakashuka na kumpiga risasi, wakamuua. MJC lililaani mauaji hayo, likikumbusha kwamba kutokubaliana naye hakukuwa ruhusa ya kumdhuru, na lilifanya vyema kulaani.

Makanisa na misikiti iliyoambiwa mwaka 2006 kwamba italazimishwa kufungisha ndoa za jinsia moja haijalazimishwa na sheria hata leo. Imamu aliyekubali kuzifungisha kwa hiari yake ameuawa. Kwa hiyo wenye mimbari, wa huko na wa kwetu, ambao uhuru wao wa kusema “ni haramu” umelindwa vizuri namna hii, waseme kwa sauti ileile, Ijumaa na Jumapili, kwamba damu ya Muhsin Hendricks nayo ilikuwa haramu kumwagwa.